Tupime Mara Ngapi? Kuchagua Kasi ya Kupima Mkondo wa Umeme Katika Nyaya



Mada yetu ya leo huenda ikasikika kama mada ya mafundi na wahandisi peke yao. Tumeichagua kwa sababu katika miaka ya karibuni vifaa vidogo vya kufuatilia matumizi ya umeme vimeenea madukani, na wananchi wengi wamevinunua. Kimoja hubana waya unaotoka kwenye mita, kingine huchomekwa kwenye soketi, na vingi hutuma takwimu zake kwenye simu ya mwenye nyumba. Ni jambo jema mtumiaji kutaka kujua anachokilipia. Ila kifaa cha kupima kina tabia moja ambayo muuzaji mara nyingi haielezi: jibu lake hutegemea kinapima mara ngapi.

Tuanze na mfano. Tumfikirie mama mmoja anayeuza juisi na barafu nyumbani kwake. Ana friji mbili za kugandishia, brenda, birika la umeme na taa chache. Kwa kuwa anaona uniti za Luku zinakwisha upesi, amenunua kifaa cha kubana waya na kukiunganisha na simu. Baada ya wiki moja analinganisha. Kifaa kinaonesha uniti pungufu kuliko zile zilizokatwa na mita. Anakuja kwenye dawati la malalamiko, simu mkononi, akisema mita yake inamwibia.

Pengine mama huyu ana haki kabisa, na mita yake ina kasoro. Pengine mita ni nzima na kifaa ndicho kilichokosea. Taabu ni kwamba kifaa chake kimepangwa kusoma mkondo mara moja tu kila dakika 10, na kwa kasi hiyo ushahidi alionao hauwezi kuamua upande wowote. Haumsaidii yeye, na haumsaidii anayetaka kumtendea haki. Lengo la maelezo haya ni kumwezesha mtu kama yeye kuja na ushahidi unaosimama.

Mkondo hautulii

Umeme wa gridi yetu hufika majumbani kwa msukumo wa volti 230. Mkondo wake hauendi upande mmoja kama maji ya bombani. Huenda mbele, hurudi nyuma, na kukamilisha safari hiyo mara 50 katika kila sekunde. Hiyo ndiyo maana ya hezi 50 mnayoiona imeandikwa nyuma ya vyombo vya umeme. Safari moja huchukua milisekunde 20, yaani sehemu 20 kati ya 1,000 za sekunde moja. Tunaposema pasi inatumia ampea 4, hatumaanishi kwamba mkondo umesimama kwenye 4. Katika kila safari hupanda hadi karibu ampea 5.7, hushuka hadi sifuri, na kupanda tena upande wa pili. Ile 4 ni thamani fanisi, yaani kiasi cha mkondo usiobadilika ambacho kingetoa joto lile lile.

Juu ya mabadiliko hayo ya haraka kuna mengine ya polepole. Friji huwaka na kupumzika. Pasi hujizima ikishapata moto na kujiwasha ikianza kupoa. Brenda huungurumishwa nusu dakika, ikanyamaza. Mtu anayetaka kuujua mkondo wa nyumba kwa hiyo anafuatilia kitu kinachobadilika kwa kasi nyingi kwa wakati mmoja: za milisekunde, za sekunde, za dakika na za saa.

Hakuna kifaa cha kidijitali kinachoutazama mkondo bila kukoma. Kila kimoja hufumbua jicho, huona, na kufumba. Kila anapofumbua jicho tunasema kimechukua sampuli, na idadi ya sampuli kwa sekunde au kwa saa ndiyo kasi ya kuchukua sampuli.

Kinachopotea kati ya sampuli na sampuli

Turudi kwa birika la mama wa juisi. Ni la wati 2,000 na huchemsha maji kwa dakika 4. Umeme halisi unaotumika ni takriban uniti 0.13. Kifaa kinachosoma kila dakika 10 kikifumbua jicho wakati birika linachemka, kitadhani limewaka dakika zote 10 na kuandika uniti 0.33. Kikifumbua jicho kabla birika halijawashwa na kisha baada ya kuzimwa, kitaandika sifuri. Hakuna njia ambayo kifaa hicho kitaandika 0.13 kwa chemsha hiyo moja. Kwa miezi mingi makosa ya juu na ya chini huelekea kufutana. Kwa siku moja au wiki moja, ambayo ndiyo mlalamikaji huwa nayo mkononi, yanaweza yasifutane.

Kuna kosa lililo baya zaidi, kwa kuwa linaonekana kama ukweli. Chukua pasi ya wati 1,000 ambayo kidhibiti joto chake huiwasha kwa sekunde 20 na kuizima kwa sekunde 40. Mzunguko mzima ni dakika moja kamili, na wastani wake wa kweli ni wati 333. Sasa weka kifaa kinachosoma mara moja kila dakika. Kama usomaji wa kwanza ulikutana na pasi ikiwa imewaka, wa pili utaikuta imewaka, na wa tatu vivyo hivyo. Simu itaonesha mstari ulionyooka wa wati 1,000. Kama usomaji wa kwanza uliikuta imezimwa, simu itaonesha nyumba isiyotumia chochote. Pasi halisi haitunzi wakati kwa usahihi wa saa, lakini kila mizunguko miwili inapokaribiana, udanganyifu huu hujitokeza kwa muda mrefu wa kutosha kumpotosha mtu. Mmeuona katika filamu: gari linakimbia mbele, na magurudumu yake yanaonekana yamesimama au yanarudi nyuma. Kamera imepiga picha kwa kasi inayofuatana na mzunguko wa gurudumu.

Wahandisi walishaiwekea jambo hili kanuni. Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, aliweka msingi wake katika maandishi ya mwaka 1928, na Claude Shannon akaueleza kikamilifu mwaka 1949. Kanuni yenyewe husema kwamba ukitaka kulifahamu wimbi, ni lazima uchukue sampuli zaidi ya mara mbili ya marudio ya kasi kubwa kabisa yaliyomo ndani yake. Kwa wimbi safi la hezi 50, sampuli zaidi ya 100 kwa sekunde zingetosha. Nyumba za leo hazina wimbi safi. Taa za LED, chaja za simu, televisheni na kompyuta huvuta mkondo kwa vipande vipande, na vipande hivyo hubeba marudio ya kasi zaidi. Wakaguzi wa ubora wa umeme hufuatilia marudio hayo hadi mara 50 ya yale ya msingi, yaani hezi 2,500, na kwa kazi hiyo huhitaji zaidi ya sampuli 5,000 kwa sekunde.

Kasi tatu zisizopaswa kuchanganywa

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukanganyikiwa. Boksi la kifaa laweza kusema kwamba kinachukua sampuli 4,000 kwa sekunde, na ikawa kweli, huku simu ikipokea namba moja tu kila robo saa. Kuna mambo matatu tofauti, na tunawaomba muyaulize kwa jina.

La kwanza ni kasi ya sampuli yenyewe: kifaa kinalitazama wimbi mara ngapi kwa sekunde.

La pili ni kipindi cha wastani: sampuli hizo zinakusanywa na kufanywa namba moja kwa muda gani. Yaweza kuwa sekunde 1, dakika 1 au dakika 15.

La tatu ni kasi ya kuhifadhi au kutuma: namba hiyo inaandikwa kwenye kumbukumbu au kupelekwa kwenye simu kila baada ya muda gani.

Kifaa kinachotazama mara 4,000 kwa sekunde, kikajumlisha vyote, na kutuma jumla kila dakika 15, hakijapoteza umeme wowote wa birika wala wa pasi. Kifaa kinacholala dakika 10, kikaamka, kikatazama kidogo na kulala tena, kimepoteza karibu kila kitu. Kwenye simu vyote viwili huweza kuonesha mchoro unaofanana. Kwa hiyo usitosheke na kuuliza kinatuma kila baada ya muda gani. Uliza pia katikati ya kutuma na kutuma kinafanya nini. Vifaa vinavyotumia betri ndivyo hasa hupenda kulala, ili betri idumu.

Anza na swali lako

Hakuna kasi moja iliyo bora kwa kila mtu. Kasi inayofaa hutokana na swali unalotaka lijibiwe. Tutachukua maswali manne tunayokutana nayo zaidi.

Swali la kwanza: uniti zangu zinakwenda wapi? Hapa unahitaji kifaa kinachojumlisha bila kulala. Ukishakuwa nacho, kuhifadhi namba moja kila dakika kunatosha kutofautisha friji, pasi na birika. Namba moja kila dakika 15 inatosha kama unataka tu kujua asubuhi, mchana na usiku vinagawanaje matumizi. Kwa nyumba iliyo katika kundi la D1 la TANESCO, ambalo ni la matumizi ya wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hesabu ni muhimu zaidi. Uniti 75 kwa siku 30 ni uniti 2.5 kwa siku, sawa na wastani wa wati 104 usiku na mchana. Katika matumizi madogo kiasi hicho, birika moja lililoandikwa mara mbili na nusu ya umeme wake halisi kila siku linaweza kumwogopesha mwenye nyumba bure, na lile lisiloandikwa kabisa linaweza kumtuliza ilhali anakaribia kuvuka mpaka.

Swali la pili: je, waya wangu unapata moto kupita kiasi? Tunaomba hapa tusikilizane vizuri, kwa kuwa jambo hili huunguza nyumba. Waya hupata joto kwa kadiri ya mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Chukua karakana ndogo yenye mashine ya kuchomelea inayovuta ampea 30 kwa dakika moja, kisha inapumzika dakika moja, na hivyo hivyo mchana kutwa. Wastani wa mkondo ni ampea 15. Tuseme waya uliopo unafaa kubeba ampea 18. Mwenye karakana akitazama wastani wa nusu saa kwenye simu yake ataona 15 na kuridhika. Lakini joto linalozalishwa katika waya ule ni sawa na la mkondo wa ampea 21 usiokatika. Waya umezidiwa, na takwimu yake inamwambia yuko salama.

Ganda la plastiki aina ya PVC, ambalo ndilo lililozunguka nyaya nyingi za majumbani, limetengenezwa kuhimili joto la nyuzi 70 za Selsiasi. Likizidishiwa siku hadi siku huwa gumu, hupasuka, na mwishowe nyaya hugusana. Kwa swali hili, basi, chagua kifaa kinachopima thamani fanisi ya kweli, ambacho mara nyingi huandikwa herufi za RMS, na kihifadhi namba walau kila sekunde 10 kwa waya mdogo. Ukiona mkondo unapanda na kushuka sana, usitumie wastani wa mkondo kupima usalama wa waya. Mwite fundi apige hesabu ya mraba.

Swali la tatu: kwa nini sakiti breka inakatika kila tunapowasha mota? Mota, iwe ya friji, ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga, huvuta mkondo mkubwa mwanzoni, mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi. Breka ya aina ya C hutengenezwa ikatike papo hapo mkondo unapofika kati ya mara 5 na mara 10 ya kiwango chake. Tukio lote laweza kumalizika kabla ya nusu sekunde. Kifaa kinachohifadhi namba moja kila sekunde hakitaliona ipasavyo, na kinachohifadhi kila dakika hakitaliona kabisa. Mwenye nyumba ataangalia simu, ataona mkondo wa kawaida, kisha atamshauri fundi aweke breka kubwa zaidi. Huo ni ushauri wa hatari, kwa kuwa breka ipo kuulinda waya. Kazi hii ni ya fundi mwenye kipimo kinachonasa mkondo wa kuwasha kwa milisekunde. Usinunue kifaa cha nyumbani kwa ajili yake.

Swali la nne ni la wenye biashara kubwa kidogo: kwa nini ninatozwa gharama ya mahitaji ya juu? Wateja wa makundi kama T2 hulipia uniti na pia kilele cha mahitaji yao, kinachopimwa kwa kilovolti-ampea. Kilele hicho ni wastani wa kipindi maalumu. Hakihesabiwi kwa nukta moja ya wakati. Tuseme kipindi ni dakika 30. Mota inayoruka hadi kilovolti-ampea 90 kwa sekunde 5 wakati wa kuwashwa huongeza takriban robo tu ya kilovolti-ampea katika wastani wa kipindi kile. Mwenye mashine anayefuatilia kila sekunde atatishwa na ile 90 na kununua vifaa asivyovihitaji, wakati gharama yake inatokana na mashine tatu kufanya kazi pamoja kwa nusu saa nzima. Muulize mtoa huduma wako kipindi cha wastani kinachotumika kwenye mita yako, kisha panga kifaa chako kipime kwa kipindi hicho hicho. Hapo ndipo namba mbili zinaweza kulinganishwa.

Kebo kubwa hufuata kanuni ile ile

Tusidhani kwamba haya ni ya nyumba ndogo tu. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1980, na uwezo wake ulikuwa megawati 45. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, na wananchi wa Unguja hawahitaji kuelezwa na sisi maana ya miezi hiyo kwa pampu za maji, hospitali na biashara. Kebo mpya ya kilovolti 132, yenye uwezo wa megawati 100, ilizinduliwa mwaka 2013.

Kebo kubwa za namna hii zinapofuatiliwa, mkondo mmoja hupimwa kwa kasi zaidi ya moja. Kebo nene iliyofukiwa hupata joto polepole, kwa saa nyingi, hivyo kwa swali la joto namba moja kila dakika chache ni nyingi za kutosha. Lakini nyaya zikigusana, mkondo lazima ukatwe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo vifaa vya ulinzi huutazama mkondo huo huo maelfu ya mara kwa sekunde. Moja ya viwango vinavyotumika kimataifa ni sampuli 80 katika kila mzunguko, ambazo kwa hezi 50 ni sampuli 4,000 kwa sekunde. Wahandisi hawakuchagua kasi moja kubwa kwa kila kitu. Kila swali walilipa kasi yake.

Kupima kupita kiasi nako kuna gharama

Mtu anaweza kusema: basi nitanunua kifaa chenye kasi kubwa kuliko vyote na kuhifadhi kila kitu. Hebu tupige hesabu. Sampuli 4,000 kwa sekunde, kila moja ikichukua baiti 2, ni karibu megabaiti 691 kwa siku moja. Bando la mwezi lingekwisha kabla ya siku chache. Namba moja kwa sekunde ni namba 86,400 kwa siku. Namba moja kwa dakika ni 1,440. Namba moja kwa robo saa ni 96. Mtumiaji anayelipia intaneti kwa bando anapaswa kujua tofauti hiyo kabla hajabonyeza kitufe cha mipangilio.

Gharama ya pili ni faragha. Mwaka 1992 mtafiti George Hart wa Marekani alichapisha njia ya kutambua vyombo vinavyowaka ndani ya nyumba kwa kuutazama waya mkuu peke yake, bila kuingia ndani. Kadiri takwimu zinavyokuwa za karibu karibu, ndivyo zinavyosimulia zaidi: familia inaamka saa ngapi, nyumba iko tupu siku zipi, mgonjwa anatumia mashine usiku au la. Takwimu za robo saa husimulia machache kuliko za kila sekunde. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua anayezikusanya taarifa zako na anazitumia kwa kazi gani. Kama kifaa kinatuma takwimu kwenye seva ya kampuni, soma masharti yake. Kama swali lako linajibiwa na namba za robo saa, usitoe za kila sekunde.

Kabla ya kufunga kifaa

Kuna makosa matatu ambayo hayaponywi na kasi yoyote. La kwanza ni kubana waya wa moto na wa nyutro pamoja. Mikondo yake huenda pande zinazokinzana, hivyo hufutana, na kifaa husoma karibu sifuri. Bana waya mmoja tu. La pili ni kutumia koleo kubwa kwa mkondo mdogo. Nyumba ya wastani wa wati 104 huvuta chini ya nusu ampea. Koleo lililotengenezwa kwa ampea 100 linaweza kukosea sana katika kiasi hicho. La tatu ni kuzidisha ampea kwa volti 230 na kudhani umepata wati. Kwa pasi na birika hesabu hiyo ni sahihi. Kwa mota na chaja nyingi hutoa namba kubwa kuliko ile inayohesabiwa na mita, hivyo kwa uniti chagua kifaa kinachopima mkondo na volti kwa pamoja.

Tunasisitiza pia kwamba kufungua ubao wa swichi kuu si kazi ya kujaribu. Kuna sehemu zinazobaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Mtumie fundi mwenye leseni ya kufunga mifumo ya umeme, mwombe akuoneshe leseni hiyo, wala usiguse lakiri ya mita.

Jaribio lisilohitaji kifaa

Sasa turudi kwa mama wa juisi, ambaye hatujamsahau. Ushahidi anaouhitaji uko tayari kwenye mita yake. Mita ya kielektroniki kwa kawaida huchukua sampuli kwa kasi kubwa bila kulala, hujumlisha, na kila inapofikisha kiasi fulani humetesha taa ndogo. Kiasi hicho huandikwa usoni mwa mita. Kama imeandikwa 1,000 kwa kilowati-saa, kila kumeta ni sehemu moja ya 1,000 ya uniti.

Azime vyombo vyote na kutazama taa ile. Ikiendelea kumeta, kuna kitu kinachotumia umeme bila yeye kujua: waya uliochubuka, au jirani aliyeunganishwa. Ikiwa imetulia, awashe chombo kimoja kisichojizima, kama birika la wati 2,000 lililojaa maji, na kuhesabu muda. Kwa mita ya 1,000, mzigo wa wati 2,000 unapaswa kumeta mara moja kila sekunde 1.8, yaani kumeta 50 kwa sekunde 90. Ahesabu kumeta 50 huku ametazama saa. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa kuwa msukumo wa umeme hupanda na kushuka na wati zilizoandikwa kwenye chombo si kamili. Lakini kumeta 50 kukimalizika kwa sekunde 60, ana jambo zito la kuuliza. Arudie mara tatu, aandike tarehe, saa, chombo na muda, pamoja na namba ya uniti zilizobaki kabla na baada.

Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko wiki nzima ya mchoro wa simu uliochukuliwa kila dakika 10. Aiwasilishe kwanza kwa mtoa huduma na kuomba mita ipimwe, akihakikisha anapewa namba ya lalamiko. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, mlango wa mamlaka ya udhibiti uko wazi kwake, na karatasi ile aje nayo.

Ndugu zetu, msitoke hapa mkiamini kwamba kila kifaa cha dukani ni cha uongo, wala kwamba kila mita ni ya kweli. Kifaa chochote hujibu kile tu kilichopangwa kukitazama. Andikeni swali lenu kabla ya kwenda dukani, mkaulize kasi ya sampuli, kipindi cha wastani na kasi ya kutuma, na muuzaji asiyeweza kujibu matatu hayo msimpe fedha zenu.